Tumemzika Nahodha: uzi wa kumkumbuka mzee wetu wa pwani ya Tanga

#1 Mwanzisha uzi

Wagosi na wadau wote mlioko Tanga na mlioko mbali, asalaam alaykum. Wakubwa zangu shikamooni.

Wengi mmeshapata taarifa kwenye magrupu. Mzee wetu Nahodha alifariki nyumbani kwake usiku wa kuamkia Ijumaa, na tukamzika baada ya sala ya Ijumaa kwenye makaburi ya kijiji, upande wa barabara ya Pangani. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Jina lake kamili silitaji kwa sababu familia imeomba hivyo, na pwani kwetu lilikuwa halitumiki. Watoto walimwita Babu Nahodha, wazee wenzake walimwita Nahodha, hata mkewe mbele za watu alimwita Nahodha.

Msibani nimesikia mengi. "Alikuwa mtu wa watu." "Alikuwa mcha Mungu." Ni kweli tupu, lakini ukimwambia hayo mtu asiyemjua hapati picha yoyote, maana kila marehemu husemwa hivyo. Mimi nimekulia chomboni mwake. Ninachokijua kuhusu bahari nilikipata kwake, na nataka kazi yake iandikwe jinsi ilivyokuwa, kabla arubaini haijafika na watu hawajatawanyika. Naisema wazi: kwenye kipande chetu cha pwani, mtu aliyeishinda baruti ni Nahodha. Sheria ilisaidia, doria zilisaidia, ila yeye alianza mapema na alipita njia ambayo wengine hawakuifikiria.

Kwa vijana ambao hamkuyaona: uvuvi wa baruti upo pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi walishika doria, baruti ikanyamaza, wakaondoka, ikarudi. Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya 2000 tulikuwa tunaisikia tukiwa darasani. Kishindo kimoja kizito, madirisha yanatetemeka, mwalimu ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na hesabu. Tulizoea. Hilo la kuzoea ndilo lililokuwa linamuuma Nahodha kuliko kishindo chenyewe.

Baruti ikilipuka majini, kibofu cha hewa ndani ya samaki kinapasuka. Wachache huelea, wengi huzama. Vijana hupiga mbizi haraka, huchukua wanachoweza, kinachobaki kinaozea chini. Wanakufa wakubwa, wadogo, wenye mayai, na hata visivyoliwa na mtu. Tena mwamba unavunjika. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo jiwe la kimo cha mtu mzima lilianza kabla Wajerumani hawajafika Tanga. Likivunjwa, kinachobaki ni kifusi kinachobiringishwa na mawimbi huku na huku, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kisichotulia. Kuna miamba alituonyesha ambayo aliivua ujanani, changu, tasi na chewa wa kumwaga. Tulipozamia tukaona jivu tu.

Sasa wengine walipambana na baruti kwa kuwakimbiza vijana. Nahodha alikwenda kwa wanunuzi.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Mnadani pwani, asubuhi, alikuwa akikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, kisu kidogo mkononi, na pembeni yake samaki wawili wa aina moja, tuseme changu kwa changu. Akina mama wachuuzi wanamzunguka. Anawauliza, "Yupi mzuri?" Wanashika matamvua, mekundu kwa wote. Wanatazama macho, maangavu kwa wote. Maana samaki wa baruti kwa nje anapendeza sana, amekufa muda si mrefu. Basi anamgeuza wa kwanza anawaonyesha mdomo: tundu la ndoana. Huyu amevuliwa kwa mshipi. Angekuwa wa wavu angekuwa na mkwaruzo wa uzi nyuma ya kichwa au magamba yaliyonyofoka ubavuni. Anamgeuza wa pili: mdomo mzima, magamba mazima, hana alama hata moja. "Huyu alikamatwa na nani?" Kimya. Hapo ndipo anampasua. Anapitisha dole gumba ndani ya tumbo, juu ya uti wa mgongo, taratibu, kutoka kichwani kwenda mkiani, na damu iliyovilia inafuata kidole. Mbavu zimeachana na nyama. Anamwambia mama mmoja, "Weka kidole chako hapa." Mama anaweka, mfupa unacheza. Akishasikia mfupa ule ukicheza chini ya kidole chake, hahitaji tena kuambiwa kitu.

Hakuwahi kuwaambia kwamba ni dhambi kumnunua. Aliwaambia samaki huyu hafiki jioni. Ukimkaanga anavurugika, ukimlaza anaharibika, hasara ni ya kwako, mvuvi ameshaondoka na hela. Polepole bei ya samaki asiye na alama ikaanguka kwenye mnada wetu. Dalali akimnadi, akina mama wanaangaliana, mmoja anasema "mpasue kwanza." Kijana amekesha na roho mkononi, anauza kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani vijana wengi, miaka kadhaa kabla doria kali za kati ya miaka ya 2010 hazijaja kumalizia.

Na hao vijana hakuwaacha. Aliwapakia. Wavuvi mnaijua desturi: gharama zikishatolewa, kuna fungu la chombo na nyavu, na kuna fungu la mabaharia. Kijana mgeni kwa kawaida hupewa nusu, pengine kitoweo tu, mpaka aijue kazi. Nahodha alimpa fungu zima tangu safari ya kwanza, na lile pungufu alilikata kwenye fungu lake la chombo. Alisema njaa ya mwezi wa kwanza ndiyo inayomrudisha mtu kwenye baruti. Watu walimwona anapoteza. Mashua yake haikuwahi kukosa mabaharia, hata kusi lilipochachamaa na vyombo vingine vimelala pwani.

Kufundisha kwake kulikuwa na namna yake. Ukimuuliza swali, na yeye anakuuliza, "Umeona nini?" Ukisema hujaona kitu, anakuacha. Anakuacha hata wiki. Siku ukija na jibu lolote, hata la makosa, anakaa na wewe mpaka giza linaingia. Hivyo ndivyo tulivyojifunza alama: ule mnazi uliopinda ukiingia nyuma ya mnara wa msikiti, na upande wa pili ncha ya kisiwa ikigusa kilima, basi uko juu ya mwamba, shusha nanga. Hivyo ndivyo tulivyojifunza bamvua na maji mafu, kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mtego uliotegwa bila kulijua hilo unaukuta umekaa mchangani juani.

Na alikuwa hakaripii mtu mbele ya wenzake. Ukikosea kazi mkiwa majini, anarekebisha kwa mkono wake, hasemi. Mkifika pwani, wakati wa kuosha chombo, anawatuma wengine maji au kuni, wewe anakubakiza. Anakwambia kosa lako kwa sauti ya chini, mara moja, na halirudii tena maisha yake yote. Nimefanya kazi na mabosi wengi mjini tangu wakati huo. Sijapata mwingine.

La mikoko naligusa kwa kifupi. Mradi mmoja ulikuja na miche, wakapanda aina moja tu, ile inayoitwa mkoko, kwenye mchanga wa mbele kunakopiga mawimbi. Aliwaambia, hawakusikia, bahari ikazoa yote msimu huo huo. Akasubiri waondoke, akatukusanya na watoto wa madrasa, tukapanda upya kwa mpango wake: mlilana mbele, mkoko kwenye tope la kijito, mkandaa nyuma, na mchu akauacha ujipange wenyewe. Nendeni mkaone leo, uduvi umerudi pale.

Ninaomba kila aliyepita mikononi mwake aandike alichokiona. Si sifa. Kitu alichofanya.

#2 Mchuuzi wa samaki, Deep Sea

Mwanangu, Mungu akupe subira. Mimi ni mmoja wa hao waliowekewa mfupa chini ya kidole. Umeeleza vizuri ila umesahau kwamba dalali mmoja alimkasirikia mzee, akamwambia unatuharibia soko. Nahodha hakumjibu. Kesho yake akamletea nyumbani samaki wawili, mmoja wa mshipi na mmoja asiye na alama, akamwambia mkeo awapike vyungu viwili tofauti mle usiku. Dalali yule mpaka leo akipokea samaki mnadani anatazama mdomo kwanza, na mimi nimemwona siku ya mazishi amebeba jeneza.

Naongeza la kina mama. Alitufundisha na wanetu wa kike. Kwa wengine msichana akigusa mshipi watu wanasema nuksi. Yeye binti yangu alimkalisha nyuma, akamshikisha usukani, ndani ya ghuba, maji yametulia. Sasa binti yule ana mtumbwi wake na anatega madema, ile mitego ya kusuka. Fedha ya shule ya wadogo zake inatoka huko.

#3 Mchangiaji, Mwambani

Poleni wafiwa. Mkuu, nakuunga mkono kwa mengi, lakini tukimkumbuka mtu tumkumbuke mzima. Mimi natoka nyumba ya juya, ule wavu mkubwa wa kuvutwa na watu wengi. Juya la kukokota lilipopigwa marufuku, mzee alisimama na wanaotaka liondoke. Najua sababu, linakokota kila kitu, nyasi za bahari, vitoto vya samaki, vyote. Lakini juya lilikuwa linalisha watu wengi kwa pamoja, kila anayevuta kamba anapata chochote. Lilipokwenda, kaya nyingi zilikaa bila kitu. Baba yangu hakuwahi kupata chombo kingine. Hakumchukia Nahodha, ila alikuwa hapiti barazani kwake.

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, asante kwa kulisema, na mpe baba salamu zangu. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwepo kwenye kikao kile cha BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia pwani, na Nahodha alisema liondolewe, halafu akasema pia kwamba serikali ikiondoa chombo lazima ilete chombo. La kwanza lilisikika, la pili likabaki kwenye daftari la kikao. Aliwafundisha waliokuja kusuka madema, fito zikatoka mfukoni mwake, ila alikuwa mtu mmoja na kaya zilikuwa nyingi. Kwa mawazo yangu waliokosea ni waliokuwa na uwezo wa kuleta vyombo wasilete. Lakini najua kwamba ukiwa umekaa na njaa, anayekukumbusha njaa ni yule uliyemwona amesimama kikaoni. Nahodha alilijua hilo la baba yako. Aliwahi kuniambia, "Yule bwana ana haki ya kunikasirikia." Sikuelewa anamsema nani mpaka niliposoma maneno yako sasa hivi.

#5 Mchangiaji, Muscat

Asalaam alaykum. Niko mbali, sikuwahi mazishi, na moyo unaniuma.

Kaka yangu alikatwa mkono wa kulia na baruti iliyolipuka kabla hajairusha. Mlioko kule mnamjua, sina haja ya kumtaja. Alipotoka hospitali alijifungia ndani, hataki kuonana na mtu. Watu walikuja kumpa pole, na wapo waliokuja kumpa mawaidha, na hao ndio waliomzamisha zaidi. Nahodha alikuja akakaa mkekani, hakusema lolote kuhusu mkono. Akatoa daftari akamwambia, "Nina tatizo. Macho yangu yameanza kuchoka na hesabu za chombo zinanichanganya. Nitafutie mtu wa kuniandikia." Akaondoka. Akarudi kesho yake na swali lile lile. Na keshokutwa.

Kaka alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto barazani kwa mzee, herufi moja moja, mtu mzima mwenye ndevu. Ilichukua muda mrefu. Baadaye akawa mtunza hesabu wa mashua tatu, akaoa, ana watoto wanne. Anapiga hesabu ya mafungu haraka kuliko mtu mwenye kikokotoo. Sisi nyumbani tunajua kwamba macho ya Nahodha wakati ule hayakuwa na tatizo lolote, alikuwa anaona tanga la jahazi kwenye upeo wa macho kabla ya kijana yeyote.

Nimetuma ubani kwa mwanawe mkubwa. Kwenye hitima nisomeeni jina langu.

#6 Mwanzisha uzi

Nimelia, ndugu yangu. Jina lako litasomwa.

Umenikumbusha daftari. Wadau, hapa ninahitaji msaada wa kweli. Kabla kaka wa huyu ndugu hajashika kalamu, Nahodha alikuwa akiandika mwenyewe, na hakusoma shule ya serikali, alisoma chuo cha Qur'an tu. Kwa hiyo aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wazee wa pwani. Yapo madaftari kadhaa kwenye sanduku, mengine yameliwa pembeni na mende. Mwanawe amenifunulia kidogo. Kwa ninavyoweza kuokoteza, kuna tarehe za mwezi, kuna upepo, kuna majina ya miamba na samaki waliopatikana pale. Kuna ukurasa umechorwa yule samaki wa ajabu, silikanti, ambaye majarife ya Tanga, zile nyavu kubwa za kina kirefu, yalianza kumtoa kilindini mwaka 2003 na 2004, hata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa mwaka 2009. Amemchora na yale mapezi yake yanayoning'inia, na maneno mengi pembeni.

Yale ni maarifa ya miamba yetu kabla na baada ya baruti, yameandikwa na mtu aliyekuwa juu yake. Watafiti wanakuja na mitambo kupima hali ya sasa, lakini ya zamani hawana. Sisi tunayo sandukuni. Vijana wa madrasa wanasoma Qur'an vizuri, lakini Kiswahili cha mkono wa mzee, bila irabu, kinawashinda. Nani kati yenu anasoma maandishi haya, au ana mzee anayesoma?

#7 Mchangiaji, Pangani

Mkuu, mama yangu mkubwa anasoma na anaandika. Alifundishwa na babu yake, na barua zote za ukoo za zamani ni yeye anayetusomea. Umri umekwenda lakini akili iko kamili. Nimemuuliza sasa hivi, amesema anamkumbuka Nahodha wako, aliwahi kushusha samaki Pangani na alikuwa haibii mtu kwenye mzani. Amekubali kuja. Tatizo ni usafiri, daladala zinamuumiza kiuno.

#8 Mwanzisha uzi

Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie asipande daladala. Nimeshaongea na wenzangu watatu tuliovua pamoja kwa Nahodha, tunachanga tukodi gari, tutamfuata mlangoni na kumrudisha mlangoni.

Tufanye Jumamosi baada ya Asri. Mjane yuko edani, kwa hiyo madaftari atayatoa mwanawe mkubwa, na familia imetaka yasitoke pale nyumbani, yasomwe barazani. Naafiki kabisa. Nitakuja na simu ya kupigia picha kila ukurasa kabla haujaguswa zaidi. Kaka wa ndugu yetu wa Muscat amekubali kuandika mama anavyosoma. Mama wa Deep Sea, njoo na binti yako mwenye mtumbwi. Ndugu wa Mwambani, mwambie baba anaombwa aje, kwa sababu miamba ya kwenu imo mle na aliyeivua kwa juya anajua majina ambayo sisi wa mishipi hatuyajui. Wote mliofundishwa alama na Nahodha, njooni nazo kichwani, tutazilinganisha na daftari.